Umeme upo, lakini ni umeme wa namna gani?

Tukizungumzia umeme, wengi wetu tunauliza jambo moja tu: upo au umekatika? Viwango vya kitaalamu huuliza mawili. La kwanza ni uhakika wa huduma: umekatika mara ngapi, na umechukua muda gani kurudi. La pili ni ubora: huo uliopo una volti za kutosha? Masafa yake, yaani mizunguko yake kwa sekunde, yametulia? Umeme unaweza kukaa mwaka mzima bila kukatika na bado ukaunguza mota, kwa sababu tu volti zake haziko sawa.

Chukua kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 50160. Kinataka umeme wa volti 230 usipande wala kushuka kwa zaidi ya asilimia 10, yaani ubaki kati ya volti 207 na 253. Watu wengi husoma hapo wakaridhika. Mimi nasema uzito wote uko kwenye masharti yanayofuata. Kinachopimwa ni wastani wa kila dakika 10, na inatosha asilimia 95 ya vipimo hivyo katika wiki viwe ndani ya mipaka. Wiki ina saa 168. Asilimia 5 yake ni saa 8 na dakika 24. Gawa kwa siku saba, unapata saa 1 na dakika 12 kila siku. Basi umeme ukiwa mdogo kila jioni kwa muda huo, wakati watu wote wamewasha vitu vyao, mradi haushuki kwa zaidi ya asilimia 15, mtoa huduma ametimiza kiwango. Mteja anayeona taa zimefifia na friji inaguna ataambiwa vipimo viko sawa, na kweli viko sawa.

Tena wastani wa dakika 10 hauoni mshtuko wa nusu sekunde. Kiwandani, volti zikishuka ghafla kwa muda huo, kontakta, yaani swichi za sumaku zinazowasha mashine, zinaweza kuachia na mashine zikasimama, kisha kuziwasha upya kukachukua saa kadhaa. Kiwango hichohicho kinaeleza mishuko ya namna hiyo, ila hakiiwekei kikomo cha lazima. Kwa maoni yangu hili ndilo pengo kubwa kuliko yote, maana vifaa vya siku hizi vimejaa elektroniki.

Kwenye kukatika nako kuna mambo. Kipimo maarufu ni SAIDI: jumla ya muda ambao wateja wamekosa umeme, ikagawanywa kwa idadi ya wateja wote. Wateja 100 kati ya 1,000 wakikaa gizani saa 10, SAIDI ni saa 1. Hakuna hata mmoja wao aliyekaa gizani saa moja. Halafu kiwango cha Marekani, IEEE 1366, huhesabu humo kukatika kunakozidi dakika 5, wakati kile cha Ulaya kinaanza kuita kukatika kurefu baada ya dakika 3. IEEE 1366 pia inaruhusu siku za maafa makubwa, kama za dhoruba kali, zitengwe na kuchambuliwa peke yake. Naelewa sababu: mhandisi anataka kuona mtandao unavyofanya kazi siku za kawaida. Lakini anayetangaza hesabu moja akaficha nyingine anawadhulumu waliokaa gizani siku hizo.

Sivipondi viwango hivi. Bila hivyo tungebaki kubishana kwa hisia. Ninachopinga ni namba kutolewa bila kuelezwa ilivyopimwa. IEEE 1366 yenyewe ina kipimo kingine, CEMI, kinachoonyesha ni asilimia ngapi ya wateja waliokatikiwa umeme mara nyingi kupita idadi fulani. Hicho kinamfikia yule wa mwisho wa laini, ambaye wastani humfunika. Ningependa kila ripoti ya umeme ianze nacho, kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya wastani wowote.