Setilaiti haimwoni chonga

Juzi nilimwonesha ami yangu picha ya setilaiti ya shamba lake, kule Mtambwe, Pemba. Akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu. "Mwanangu, mnazi wangu u wapi hapa?"

Nilikwama. Picha za Sentinel-2 hupatikana bure kila baada ya siku chache (mawingu ya Pemba yakiruhusu), lakini pikseli moja, yaani kitone kimoja cha picha, ni mita 10 kwa 10. Kwa shamba letu, humo mna mnazi, mkarafuu, mgomba na mhogo chini yake, vyote vimechanganyika kama urojo.

Siipingi teknolojia yenyewe. Jani zima hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi ule wa infraredi, tusiouona kwa macho. Likidhoofika, hesabu ya mianga hiyo miwili hubadilika, na setilaiti huiona. Ulaya ya kati, kwenye misitu mikubwa ya mti wa aina moja, njia hii huwasaidia kufuatilia miti ya sprusi inayouawa na mbawakawa wa magome. Hata Ngezi naitaka, maana nani atauzunguka msitu ule kila mwezi?

Linalonikera ni ramani yenye madoa mekundu kuitwa "mashambulizi ya wadudu" na mtu hajashuka garini. Setilaiti huona mti umenyong'onyea; haimjui aliyeunyong'onyesha. Mkarafuu uliokwisha kuchumwa, matawi yamevunjwavunjwa, utaonekana mgonjwa. Jirani yake anayetafunwa mizizi na mchwa ataonekana mzima wa afya.

Na chonga je, yule mbawakawa wa minazi? Yeye huingia kichwani mwa mnazi, akalitoboa kuti likiwa bado limejikunja. Kuti likija kufunguka, limekatika pembeni kama lililopitiwa na mkasi. Ami hamsubiri mpaka hapo. Akiona machicha mabichi yanatoka tunduni, hupanda na waya uliopindwa ncha, akamvuta nje mzimamzima, miguu inapiga hewani.

Mwaka 2016 visiwa vyetu vilianza kupigwa picha kwa droni, na kila pikseli ilikuwa sentimita chache tu. Kuti lililokatika linaweza kuonekana humo. Mimi ningependa kazi ile irudiwe kila mwaka kwenye mashamba, bwana shamba apewe orodha ya minazi ya kukagua, aende na wenye waya.

Ami alinirudishia simu. "Hii imepigwa kabla hatujachuma, au baada?"

Ikabidi nitafute tarehe.