Kopo la kunasa oili: injini ipi inalihitaji, na lipi la kununua

Ukifungua mpira wa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) kwenye Hilux au Prado yenye injini ya dizeli ya 1KD-FTV iliyokwisha kutembea kilomita laki mbili, kidole kitatoka kimelowa oili. Fundi mmoja atasema turbo, yaani feni inayoisukumia injini hewa, imekufa. Mwingine atasema funga kopo la kunasa oili, mambo yaishe. Turbo inaweza kuwa nzima kabisa, na kopo linaweza lisimalize lolote, kwa sababu hakuna aliyeuliza oili hiyo imetoka wapi na kwa wingi gani.

Injini yoyote inapumua. Kila mlipuko ndani ya silinda, gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushukia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, ikiwa imebeba mvuke wa maji, mafuta yasiyoungua na masizi. Humo hukutana na oili inayorushwa na krenki, kisha hutoka juu kwenye tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, ikiwa ukungu wenye oili. Zamani ukungu huo ulishushwa kwa bomba na kumwagwa barabarani. Kuanzia magari ya mwaka 1961 kule California, ukaanza kurudishwa kwenye njia ya hewa ili uchomwe tena, na leo karibu kila gari linafanya hivyo. Kopo hukaa katikati ya safari hiyo: ukungu unaingia, oili inabaki ndani, hewa inaendelea na njia yake.

Swali la kwanza basi ni ukungu huo unaumiza nini kwenye injini yako. Kwenye 1NZ-FE ya Probox, Vitz au IST, hauumizi kitu cha maana. Nozeli hunyunyizia petroli nyuma ya valvu za kuingizia hewa, na petroli hiyo huziosha kila mzunguko. Kopo kwenye gari la namna hii ni pambo la boneti.

Injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda ni habari nyingine. Noah na Voxy za AZR60 na Premio za lita mbili zenye 1AZ-FSE, pamoja na Volkswagen za TSI, zote ziko kundi hili. Valvu zake haziguswi na petroli, hivyo oili inayotua juu yake inaivia pale pale ikawa kaboni ngumu. Baada ya muda gari linaanza kukosa mlipuko asubuhi, kutetemeka likiwa limesimama, na kupoteza nguvu kidogo kidogo. Dizeli yenye turbo nayo ina kesi yake: EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa eksozi ndani ya injini, huleta masizi, pumzi ya injini huleta oili, na viwili hivyo vikikutana kwenye manifodi, mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, vinazaa tope zito kama lami. Manifodi ya 1KD iliyoachwa miaka mingi inaweza kuwa imebanwa hadi tundu la hewa limebaki finyu.

Hapo ndipo wanaotetea kopo wana hoja ya kweli. Punguza oili, na masizi yatabaki makavu, sehemu kubwa ipite bila kunata. Lakini kopo halina uwezo wa kuondoa kaboni iliyokwisha kuganda, na masizi yanayoletwa na EGR haliyagusi kabisa. Ukilifunga kwenye manifodi chafu, umeizuia tu isichafuke zaidi. Kuisafisha ni kazi ya kuifungua.

Wanaopinga nao hawabahatishi. Mtengenezaji ameshaweka kitenganishi ndani ya tapeti kava, na mara nyingi tatizo linalopelekwa dukani kutafutiwa kopo ni valvu ya PCV, ile inayoruhusu pumzi ya injini kurudi kwenye manifodi, iliyokwama; ni kipuri cha bei ndogo kinachobadilishwa kwa dakika kumi. Au ni oili iliyozidishwa juu ya alama ya dipstiki, krenki ikaichapa na kuigeuza povu. Au ni oili yenyewe. Kipimo cha NOACK huchemsha oili kwa nyuzi 250 za Selsiasi kwa saa moja na kupima asilimia iliyopotea kwa mvuke. Kiwango cha ILSAC, kinachotumika kwa oili za magari ya Marekani na Japani, kinaruhusu hadi 15, na ACEA A3/B4 cha Ulaya hadi 13. Oili yenye namba ndogo zaidi hupeleka ukungu mdogo zaidi kwenye valvu, bila kutoboa wala kukata mpira wowote. Namba hiyo huipati mbele ya galoni; iko kwenye karatasi ya vipimo ya mtengenezaji wa oili.

Kabla ya kununua chochote, pima pumzi. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita mbili hivi, upinde kama herufi U, tia maji hadi nusu ya kila mkono, na ncha moja ibane kwenye tundu la dipstiki isipitishe hewa. Mkono wa upande wa injini uache mrefu ili maji yasije yakafyonzwa. Injini ya petroli ikiwa moto na gari limesimama, maji yavutwe kidogo kuelekea injini au yatulie. Pandisha mizunguko hadi 2,500 kwa dakika na uyatazame. Yakisukumwa kuelekea nje, ama njia ya pumzi imeziba ama ringi zimechoka. Badilisha PCV, safisha mipira, pima tena. Yakiendelea kusukumwa, nenda ukapime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) na uache habari ya kopo. Injini inayopumua kupita kiasi italijaza kopo ndani ya wiki, na mwenye gari atadhani limefanya kazi nzuri.

Tuseme injini ni nzima na ni ya kundi linalofaidika. Sasa kopo lipi?

Anza na kipenyo. Dizeli nyingi zina mpira wa pumzi wenye milimita 19 hivi kwa ndani, wakati makopo mengi ya bei rahisi yana midomo ya milimita 9. Eneo la kupitisha hewa linashuka chini ya robo. Gesi isipopata njia inajaa kwenye sampu, na itatafuta mahali dhaifu: sili ya nyuma ya krenki, gasketi ya tapeti kava, au dipstiki inayoruka juu. Turbo huumia mapema zaidi, kwa kuwa oili yake hurudi kwenye sampu kwa kudondoka tu. Sampu ikiwa na presha, oili inagoma kushuka na inavujia kwenye eksozi au intakula. Ndiyo ile turbo "iliyokufa" wiki chache baada ya kopo kufungwa.

Kisha fungua kifuniko uone ndani. Kopo tupu lisilo na bati za kuzuia wala wavu hunasa matone makubwa tu. Ukungu mwembamba, ambao ndio hasa unaochafua valvu, unapita kama ulivyoingia. Linalofaa lina bati inayolazimisha hewa igeuke ghafla, na wavu wa chuma kisichoshika kutu au elementi (chujio) ya nyuzi. Kuna mafundi wanaojazia makopo matupu waya wa kusugulia sufuria. Ule wa chuma cha kawaida hushika kutu na kumeguka, na vipande vyake vikivutwa vinaishia kwenye mapanga ya turbo. Hilo hapana, hata kwa muda.

Vitenganishi vya elementi kama ProVent 200 ya Mann+Hummel vina faida moja inayotosha kutetea bei yake kwenye dizeli ya kazi: valvu ya usalama inayofunguka elementi ikiziba, presha isipande. Gharama ni kwamba elementi inabadilishwa kwa ratiba kama chujio jingine lolote, na asiye tayari kuinunua tena ni heri achukue kopo la wavu unaooshwa.

Petroli yenye turbo ina mtego wake. Pumzi yake ina njia mbili: mguu ukiwa mwepesi inavutwa na manifodi kupitia PCV, turbo ikisukuma, PCV inajifunga na pumzi inapita kwenye mpira wa kabla ya turbo. Kopo moja upande mmoja linaacha nusu ya kazi, na kulifunga vibaya bila valvu ya upande mmoja kunapeleka presha ya turbo ndani ya sampu. Upande wa manifodi pia hautaki uvujaji hata kidogo: hewa isiyopimwa na sensa inaingia, mchanganyiko unakosa petroli, taa ya injini inawaka na msimbo wa hitilafu P0171.

Wanaoweka kachujio kadogo juu ya kopo na kuacha pumzi itokee hewani wanapoteza mvuto unaosafisha sampu, wanapata harufu ndani ya gari, na kwa barabara zetu za vumbi wanakaribisha mchanga. Sioni sababu ya kufanya hivyo kwenye gari la barabarani.

Mipira iwe ya kustahimili oili, jamii ya nitraili, yenye uzi ndani isinywee inapovutwa. Mpira wa hita hauhimili. Hulainika, huvimba, halafu hutoka kwenye klipu. Kopo lifungwe kwenye bodi, mbali na manifodi ya eksozi na turbo, kwa sababu likiwa baridi oili hunata zaidi. Likae chini ya tundu la tapeti kava, na mpira ushuke moja kwa moja bila tumbo la kutuamisha maji. Kwa walio Kanada au kaskazini mwa Ulaya, tumbo hilo huganda barafu wakati wa baridi na kuziba kabisa.

Likague baada ya kilomita 500 za kwanza, kisha panga ratiba kutokana na ulichokikuta, na limwagwe kabla halijafika nusu. Kwenye dizeli hili si la mzaha: kopo likijaa, turbo inaweza kufyonza oili yote kwa mkupuo, injini ikaichoma kama mafuta na kupanda mizunguko hata ukizima swichi. Uji mweupe kama mayonezi ni maji yaliyochanganyika na oili, kawaida kwa gari la safari fupi. Ukiuona hata baada ya safari ndefu, angalia gasketi ya silinda hedi. Na hicho kinachotoka kisirudishwe kwenye injini kwa kuona uchungu wa oili. Kina maji, asidi na petroli au dizeli. Kiweke kwenye dumu la oili chafu.