Kuflashi vyumba vitupu: kweli ni kuchezea maji?

Masika ikiingia hoteli nyingi za pwani ya mashariki Unguja zinafunga vyumba, na ubishi unakuwa uleule: mhudumu anazunguka chumba kwa chumba kila wiki anafungulia shawa dakika 5 maji yanamwagika, ndo kuflashi huko, na huku nje kijijini watu wako foleni na ndoo. Anayelalamika ana haki yake, kisima ni kilekile na kikivutwa sana chumvi inaingia.

Ila mi naona huyu mhudumu anaonewa. Maji yakilala kwenye bomba ndani kunajengeka utando, na humo anazaliana bakteria wa lejionela, yule aliyeua watu 34 Philadelphia mwaka 1976 baada ya mkutano hotelini. Mara nyingi ugonjwa wake huupati kwa kunywa, unaupata kwa kuvuta yale matone madogo madogo ya shawa yanaingia kwenye mapafu, nimonia hiyo. Ulaya kanuni yao ni maji baridi yasizidi nyuzi 20 na ya moto yasishuke 50, maana hapo katikati ndo anapopapenda. Haya, sisi maji ya bomba tu yenyewe ni nyuzi 27 na kitu, tenki liko juu ya paa linapigwa jua, hita imezimwa kubana umeme. Ya baridi hatuna, ya moto tumezima, sasa kimebaki nini zaidi ya kuyatembeza?

Tupige hesabu. Shawa ya lita 8 kwa dakika, dakika 5, vyumba 30, ni lita 1,200 kwa wiki. Nyingi eeh? Bwawa la kuogelea la mita 8 kwa 4 likikauka milimita 5 tu kwa siku linapoteza lita 160, wiki ni 1,120, na linajaziwa hata kama hakuna mgeni hata mmoja, sijasikia mtu akiligombania. Tena ya shawa yanakingika, vua kile kichwa chomeka mpira mpaka kwenye pipa, bustani inapata maji na mhudumu havuti yale matone (yeye mbona hakuna anayemfikiria?).

Wanaosema kuflashi ni kufunika tatizo nao sio waongo. Chukua mfano paipu iliyokuwa inaenda baa ya zamani, baa ikavunjwa yenyewe ikazibwa tu mwisho, hata ufungulie vyumba vyote maji yake hayatoki, yanakaa humo yanachafua mengine. Hiyo aitwe fundi aikate kulekule inakoanzia.