Gia Nne za Kurudi Nyuma

Kabla ya lolote: hakuna mbuzi niliyemgonga. Mbuzi wote waliokufa siku ile ya harusi ya mdogo wangu walichinjwa kihalali tangu alfajiri, na waliowala wapo. Ile sauti inayozunguka kwenye magrupu ni ya binamu yangu, mtu ambaye hata akihesabu sahani za pilau alizokula hupunguza, lakini akihesabu aibu za wenzake huzidisha. Eti nimempeleka bwana harusi kinyumenyume kutoka Bombo mpaka Kampala. Kampala kufanya nini? Msikiti uko hapahapa Bombo. Tulikwenda mbele, tena njia nzima. Sasa tulivyokwenda mbele ndiyo habari yenyewe, na afadhali muisikie kwangu.

Mnaonijua mnalijua lile gari. Volkswagen Beetle ya babu, ya mwaka 1962, rangi yake ilianza maziwa sasa imefika chai. Marehemu babu alikuwa hachoki kutuambia kwamba mwaka ule mambo makubwa yalikuwa mawili: Tommy Fjastad alishinda Safari Rally kwa Volkswagen, na Uganda ikapata uhuru. Aliyataja kwa mpangilio huohuo, na ole wako uyageuze.

Ugonjwa ulikuwa giaboksi. Gia ya pili ilikuwa inachomoka yenyewe kila ukiinua mguu kwenye mafuta, kwa hiyo nikiteremka mlima mkono wa kushoto umeikamata gia, wa kulia uko kwenye usukani, na honi napiga kwa kidevu. Ya tatu ilikuwa inasaga mpaka abiria wanaomba radhi. Fundi alikaa ndani dakika chache akatoa hukumu: sinkro, zile ringi zinazosaidia gia iingie bila kusaga, zimelika, beringi zinalia, na oili sili za eksili, zinazozuia mafuta yasivuje kwenye tairi, zimekufa, ndiyo maana breki za nyuma zimelowa mafuta. "Unaendesha kwa dua," akasema.

Ningeendelea kwa dua. Lakini mdogo wangu akaposa, na mama akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba mwanawe ataenda kuoa kwa gari la babu yake, si kwa hizi gari za kukodi ambazo kila bwana harusi ameshazikalia. Ukoo ukasema amina. Mimi nikaanza kutafuta spea. Ringi za sinkro zilikuja na basi kutoka Nairobi. Beringi na sili nilizipata Kisekka, soko la spea la Kampala, pale ambapo hujashuka kwenye boda mtu ameshakushika shati anakuuliza unataka side mirror ya nini.

Fundi alifanyia kazi palepale nyumbani, chini ya mwembe. Kwa wasiolijua gari hili: injini iko nyuma, imeshikwa na bolti nne tu, unaiteremsha kwa jeki na watu wawili wanaiburuta pembeni. Hapo ndipo unaifikia giaboksi, ambayo difu, ile inayogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma, imo humohumo ndani yake. Alipoifungua, ile oili nzito ya zamani ikatoa harufu ya yai viza iliyowafukuza hata kuku. Jino moja la gia ya pili lilikuwa limelika pembeni hadi linang'aa. Fundi alilipitishia kidole taratibu, akanitazama kama daktari anayetaka kuuliza kama mgonjwa ana watoto.

Ijumaa usiku ndiyo ulikuwa usiku wa kufunga. Nyumba imejaa wageni, shangazi zangu wanakata vitunguu, muziki juu. Difu imelala juu ya gunia, nimeiosha kwa petroli mwenyewe, inapendeza. Umeme ukakatika. Nikawasha tochi ya simu, fundi akasema "nipe," nikampa, akaingiza, akafunga mifuniko ya ubavuni. Kumbukeni hiyo mifuniko. Iko miwili, mmoja kushoto mmoja kulia, na inafanana. Difu inaingia upande wowote bila kulalamika. Hiyo ndiyo kasoro ya Wajerumani, wanaamini kila anayeshika spana amelala vizuri.

Tukarudisha injini, tukamimina oili ya 90, lita 2.5, gari likiwa bado juu ya magogo. Nikawasha. Nikaweka ya kwanza, tairi za nyuma zikazunguka. Ya pili, zikazunguka zaidi, na gia haikuchomoka! Ya tatu, kimya, hakuna kusaga. Ya nne, tairi zinaimba. Nikamkumbatia fundi na grisi zake. Tairi zilizunguka vizuri kabisa. Nyie mnaouliza zilizunguka upande gani, mlikuwepo? Ilikuwa usiku, simu imebaki na chaji kidogo, na hakuna mtu duniani anayewasha gari juu ya magogo akauliza tairi zinaelekea wapi.

Asubuhi vijana wakalishusha, wakalisukuma mpaka katikati ya uwanja, pua imeelekea geti. Dada zangu wakalifunga riboni. Nyuma ya gari, hatua chache tu, hema la wanawake: mama zetu wamejifunga gurbaba, vile vitambaa vyao vya sherehe, meza imepangwa tabaga, zile sinia za ususi, za rangi zote, na pembeni masufuria ya pilau juu ya mafiga. Nawapa ramani mapema ili baadaye tusisumbuane.

Bwana harusi akakaa mbele kushoto kwangu, kanzu nyeupe, kofia mpya. Nyuma wakaingia mjomba na baba mdogo. Mjomba ni mtu wa mwili. Na hapa mjue nilichokuwa nakihofia mimi: betri. Kwenye Beetle betri iko chini ya kiti cha nyuma, na mtu mzito akikaa vibaya spring za kiti zinagusa vichwa vya betri, mnaanza kunusa moshi. Niliweka kipande cha mpira wa tairi juu yake, nikaukagua mara mbili, nikamwomba mjomba kwa adabu zote asichezecheze. Wasiwasi wangu wote niliumalizia kwenye betri. Gia sikuiwazia hata kidogo. Gia ilikuwa mpya.

Vigelegele vikapanda. Binamu yangu akainua simu kurekodi, Mungu anamwona. Nikakanyaga klachi, nikaweka ya kwanza, ikaingia laini kama kijiko kwenye mtindi. Nikaachia klachi polepole, kwa heshima ya siku.

Mwembe ukaanza kwenda mbele.

Hivyo ndivyo nilivyoona mimi. Sikuona gari likirudi nyuma. Niliona mwembe unaondoka, na geti nalo linaondoka, na shangazi aliyekuwa mbele yetu akipunga leso anazidi kuwa mdogo huku uso wake ukibadilika. Kanyaga breki.

"Umesahau kitu ndani?" mjomba akauliza.

"Kaka," bwana harusi akaninong'oneza, "geti liko mbele."

Nikacheka kile kicheko cha dereva. Nikasema samahani wazee, nimeweka rivasi. Lakini mkono wangu ulikuwa unajua. Rivasi ya Beetle haiwekwi kwa bahati mbaya: unabonyeza kigingi cha gia chini kwanza, unakivuta kushoto, ndipo unakirudisha nyuma. Mimi nilikuwa nimekisukuma juu. Nikakitoa, nikakitikisa, nikakirudisha juu, taratibu, nikiwaonyesha wazee. Mmeona? Ya kwanza. Mjomba akaitikia kwa kichwa. Na kwa sababu watu walikuwa wameanza kucheka, nikaongeza mafuta kidogo ili tuondoke kiume.

Tukaondoka kiume kuelekea hemani.

Kioo cha nyuma cha lile gari ni kidogo, na siku ile kilikuwa kimezibwa na vichwa viwili na kofia mbili. Kwa hiyo hema sikuliona, nililisikia. Kwanza kamba, twang, imenasa kwenye bampa. Kisha nguzo ikainama bila haraka yoyote, ikaegemea paa la gari mithili ya mzee anayetafuta pa kupumzikia. Kisha turubai likashuka lote, likatufunika gari zima, giza. Ndani ya giza lile mjomba akaanza kutoa shahada kwa sauti kubwa. Baba mdogo akamwitikia. Bwana harusi alikuwa ananishika goti bila kusema neno, na mpaka leo hatujalizungumzia.

Nje wanawake wanapiga mayowe. Wote isipokuwa bibi yetu mmoja, macho yake hayaoni vizuri, aliyedhani msafara ndiyo umeondoka. Yeye aliendelea na vigelegele peke yake, virefu, vya furaha kabisa, katikati ya mayowe.

Na mimi, gizani humo, nikafikiri. Nikajiambia: ya kwanza imekorofisha. Sawa. Gari lina gia nne. Nikaweka ya pili.

Ndiyo. Najua. Msinitumie ujumbe.

Ya pili ilitupeleka nyuma kwa kasi zaidi, kama inavyopasa gia ya pili. Bampa ikaipata meza. Tabaga zikatawanyika, nyingine zikaanza kubingirika uwanjani kwa ukingo wake, na moja nyekundu na njano ikateremka taratibu, ikapita katikati ya watoto, ikatoka getini. Ndiyo kitu cha kwanza kutoka nje ya geti asubuhi ile. Gari likazima lenyewe, nyuma yake iko karibu na sufuria kubwa kiasi kwamba mpishi alikuwa ameliinulia mwiko.

Wakalivua turubai. Mwanga ukarudi na nyuso zote zikiwa palepale zinatazama. Pale pembeni alikuwapo mstaafu mmoja, Afande, aliyeendesha malori ya jeshi miaka mingi. Alikuwa hajacheka. Akaja dirishani mikono nyuma.

"Kijana, giaboksi ilifunguliwa?"

"Ndiyo, Afande."

"Difu ilitolewa?"

"Ndiyo, Afande."

"Weka rivasi."

Nikamwangalia. Nyuma yangu kuna pilau la watu zaidi ya mia, na huyu mzee ananiambia niweke rivasi. Mjomba akasema kutoka nyuma, "Akiweka rivasi mimi nashuka." Afande akarudia, bila kupaza sauti, kwa kile Kiswahili cha kambini kisicho na nafasi ya maswali. Nikabonyeza, nikavuta kushoto, nikarudisha nyuma. Nikafumba macho, nikaachia klachi.

Gari likaenda mbele.

Uwanja mzima ulipiga kelele ambazo sijazisikia tangu timu yetu ya taifa, Cranes, iifunge timu yoyote. Tukatoka getini tukiburuta kamba ya hema na riboni, bibi bado anapiga vigelegele, na safari hii alikuwa sahihi.

Njiani sina mengi. Gia ya rivasi ni moja tu, inalia wiii bila kupumzika, na mwendo wake ni wa mtu mwenye baiskeli ya mkate. Boda zilizotakiwa kutusindikiza zikatupita, zikarudi, zikatupita tena. Watoto waliokuwa wanatukimbilia walichoka kutusubiri. Tulipofika kuvuka barabara kuu ya Gulu basi likatupigia honi, ikabidi nirudi nyuma kidogo, na hapo nikagundua kwamba kwa kurudi nyuma nilikuwa na uteuzi wa gia nne. Kwa ya nne ningeweza kufika Luwero kwa kisogo. Nikatumia ya kwanza. Msikitini tulifika tumechelewa, shehe akasoma nikahi haraka, bwana harusi akajibu haraka, pilau halikumwagika hata punje, hema likasimamishwa tena. Mwisho wa harusi.

Jumapili fundi akarudi akafungua. Lile gurudumu kubwa la meno la difu, kraunwili, linatakiwa kukaa upande wa kushoto wa pinyoni, ile gia ndogo inayolizungusha. Letu lilikuwa limekaa kulia, raha mustarehe. Likigeuzwa hivyo, pinyoni inalizungusha kinyume, basi kila gia inakwenda kinyume: nne nyuma, moja mbele. Tena kumbe wanaounda magari ya mbio kwa giaboksi hii, wakiweka injini mbele yake badala ya nyuma, huigeuza difu hivyo kwa makusudi. Kwa hiyo kitaalamu tulikuwa na gari la mbio.

Fundi anashikilia kwamba mimi ndiye niliyemkabidhi difu ikiwa imegeuka. Mimi nashikilia kwamba nilishika simu tu. Shauri limepelekwa kwa Afande, naye amesema wote wawili tupige deki uwanja, kisha atatafakari. Mama hajasema kitu, lakini zile tabaga mbili zilizopasuka ameziweka sebuleni, juu ya televisheni, pale ambapo lazima nizione.

Sasa gari linakwenda mbele kwa gia zote nne, na ya pili haichomoki, nimeijaribu mchana kweupe na mashahidi. Wale watatu mlionipigia mkitaka kulikodi kwa harusi zenu, akiwemo mmoja anayetaka "liende kama siku ile", subirini kwanza. Oili sili ya kushoto imeanza kuvuja.