Abiria aliyekuwa amelala athibitishe vipi kwamba dereva alizembea?

Tuseme matatu imetoka Nakuru usiku ikielekea Eldoret, na karibu na Salgaa inagongana ana kwa ana na lori. Abiria wa kiti cha nyuma alikuwa amelala. Anazinduka hospitalini, mguu umevunjika sehemu mbili. Akitaka fidia, sheria ya Kenya inamtaka yeye ndiye aieleze mahakama, tena kwa ushahidi, ni dereva yupi aliyeuacha upande wake wa barabara.

Msingi wa sheria hii haujayumba: hakuna dhima pasipo kosa. Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo waziwazi mwaka 1991, na mahakama za chini zimekuwa zikiurudia msimamo huo tangu hapo. Kuumia peke yake hakutoshi. Mdai aonyeshe kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu, kwamba alizembea, na kwamba uzembe huo ndio uliomjeruhi. Kiwango cha uthibitisho si kile cha kesi ya jinai. Inatosha hakimu aridhike kwamba maelezo ya mdai yanaelekea kuwa kweli kuliko ya mwenzake. Ukiisoma sheria kitabuni, mzigo huu unabebeka. Shida iko mahali ushahidi wenyewe ulipo.

Karibu wote uko kituo cha polisi. Anachopewa majeruhi ni abstrakti, karatasi yenye tarehe na mahali pa ajali, namba za magari, majina ya wenye magari, kampuni ya bima, majina ya walioumia na nafasi ya kujaza matokeo ya uchunguzi. Nafasi hiyo ya mwisho mara nyingi hujazwa herufi tatu, PUI, maana yake uchunguzi bado unaendelea. Kesi inasikizwa miaka miwili baadaye na herufi ni zile zile. Wengi humpelekea wakili karatasi hiyo wakiamini wameshika kesi nzima mkononi, ilhali mahakama zimesema mara kwa mara kwamba abstrakti huthibitisha tu kuwa ajali ilitokea na ikaripotiwa. Nani alikosa, haisemi.

Kinachoweza kusema ni faili la polisi: mchoro wa eneo la ajali, vipimo vya alama za breki, mahali vioo vilipoangukia, ripoti ya mkaguzi wa magari, maelezo ya walioshuhudia. Faili hilo majeruhi halipati kwa urahisi. Afisa aliyepima barabara usiku ule keshahamishwa kaunti nyingine. Anayekuja kortini ni mwenzake aliyebeba faili, au kitabu cha OB, yaani cha kumbukumbu za matukio ya kituo, peke yake. Mwenzake huyo hakufika eneo la ajali, na wakili wa bima akimhoji kidogo tu anakiri hajui gari lipi lilikuwa upande wa nani. Ukizisoma hukumu za kesi za ajali utakutana na afisa wa namna hiyo mara nyingi mno.

Hapo hakimu afanyeje? Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ilionyesha njia: magari mawili yakigongana na ushahidi usionyeshe wa kulaumiwa, lawama igawanywe nusu kwa nusu. Abiria wetu wa Salgaa hilo linamsaidia, kwa kuwa hakushika usukani wowote. Akiwashtaki wenye magari wote wawili, anaweza kupata fidia yake nzima kutoka kwao. Lakini mfikirie mwendeshaji wa boda boda aliyegongwa na lori akiwa upande wake, bila shahidi. Kanuni hiyo hiyo inamkata nusu ya fidia, na sababu si kwamba alikosa. Sababu ni kwamba uchunguzi haukukamilishwa. Jambo hili linaniuma kuliko jingine lolote katika kesi hizi, kwa maana uzembe wa ofisi ya umma unageuka hasara ya mtu binafsi.

Zipo njia za kujiokoa, na majeruhi wachache huambiwa mapema. Dereva akishtakiwa katika mahakama ya trafiki na kutiwa hatiani, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hukumu hiyo kuwa ushahidi usiopingika wa kosa lile, baada ya muda wa rufaa kupita. Bado anaweza kudai kwamba majeruhi naye alichangia, ila hawezi tena kusema hakukosa. Kwa hiyo ifuatilie kesi ya trafiki, na uombe nakala ya mwenendo wake iliyoidhinishwa na mahakama. Picha zilizopigwa kwa simu nazo zina nguvu, mradi ziambatane na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B, kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi picha zilivyotolewa. Bila cheti, picha nzuri inaweza kukataliwa. Yote haya yafanyike ndani ya miaka 3, ambao ndio muda wa kufungua kesi ya uzembe, na sehemu kubwa ya muda huo mtu yumo kitandani au anajifunza kutembea upya.

Upande wa bima una hoja, na ni hoja nzito. Ulaghai upo. Matatu ina viti 14, lakini wanaodai kuumia ndani yake wanapita idadi hiyo. Jina linaongezwa kwenye orodha baadaye. Karatasi za matibabu zinatoka kwenye zahanati ambayo mgonjwa hakuwahi kuingia. Madalali wanazunguka wodini kutafuta wateja. Kampuni zilizobeba bima za matatu kwa wingi zimewahi kuzama: United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011. Sisemi ulaghai peke yake ndio uliozizamisha. Lakini kampuni ikianguka, walioumia kweli hubaki na hukumu zisizolipika, kwa hiyo kudai uthibitisho mkali kunamlinda pia majeruhi wa kweli.

Hoja yao ya pili siikubali kwa urahisi huo. Wanasema kanuni ya kosa huwatia adabu wenye magari. Ingekuwa hivyo kama mwenye gari ndiye angelipa. Chini ya Sura ya 405, sheria ya bima ya magari kwa watu wengine, anayelipa ni kampuni ya bima, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mwenye matatu huanza kuguswa pale fidia inapopita kiwango hicho, na hata hapo jina analolifukuzia mdai kwenye logibuku, hati ya umiliki wa gari, huenda ni la mmiliki wa zamani aliyeuza gari bila kulihamisha.

Sasa mtazame makanga wa matatu ile ile. Naye alivunjika mguu, akiwa kazini. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inampa haki ya fidia bila kuthibitisha uzembe wa yeyote. Anaonyesha tu kwamba aliumia akifanya kazi yake. Najua makanga wengi hawana hata mkataba wa maandishi, na haki hiyo mara nyingi haiwafikii. Lakini Bunge lilishakubali kwamba mtu aliyeumia ndani ya chombo cha biashara anaweza kulipwa pasipo kumtafuta mkosaji. Abiria aliyeketi kando yake, tena aliyelipa nauli, kwa nini aulizwe jambo ambalo makanga haulizwi?

New Zealand ilifuata njia hiyo kikamilifu tangu mwaka 1974. Aliyeumia hulipwa bila kuuliza nani alikosa, na kwa upande wake amepoteza haki ya kudai fidia ya majeraha hayo mahakamani. Bei hiyo kwetu ingekuwa kubwa. Mwaka 2013 Bunge la Kenya lilileta jedwali la kupangia majeraha viwango vya fidia, Chama cha Wanasheria kikaenda kortini, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikalikataa kwa kuwa lilimfunga jaji mikono. Nadhani ilikuwa sahihi. Mguu wa fundi wa jengo na mguu wa karani havilingani kwa hasara. Na Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2005 kwamba mapato yanaweza kuthibitishwa bila hati, kwa kuwa Wakenya wengi hujipatia riziki bila kuweka kumbukumbu za maandishi; jedwali haliwezi kusikiliza ushahidi wa namna hiyo.

Ninachokiona kinawezekana ni kidogo zaidi. Abiria wa gari la umma alipwe gharama za matibabu na kiasi cha msingi bila kuthibitisha kosa, kutoka kwenye bima ambayo tayari ni ya lazima. Anayetaka zaidi aende mahakamani, na huko kanuni ya kosa ibaki. Kwa wote, abstrakti itolewe pamoja na nakala ya mchoro na ripoti ya mkaguzi ndani ya muda uliowekwa na sheria. Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1 na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60, haifungwi na kanuni kali za ushahidi. Hiyo ni hatua nzuri, lakini bila faili la polisi hakimu wake atakuwa anakisia kwa kasi zaidi.

Wenye bima watasema ada itapanda na nauli pamoja nayo. Inawezekana. Lakini wao huwasilisha hesabu zao kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na Mamlaka inaweza kuwataka waeleze ni kiasi gani cha ada za matatu kinamfikia majeruhi, na ni kiasi gani kinaishia kwa mawakili, ripoti za pili za madaktari na kesi zinazoahirishwa. Hesabu hiyo ichapishwe kabla Bunge halijaigusa tena Sura ya 405.