Kamera Kwanza, Mgonjwa Baadaye

Juma hili nimetumiwa video ya kikundi cha waumini waliokwenda kumtembelea mama mmoja mzee aliyelala kitandani kwa muda mrefu, na kila aliyenitumia alikuwa ameandika chini yake "Amina", kana kwamba akishaitazama mtu hana tena la kuuliza. Nimeitazama hadi mwisho. Mama ananyanyuliwa, anaegemezwa ukutani, anakabidhiwa mfuko wa zawadi. Kisha sauti ya mpiga picha inasikika ikiomba mfuko urudishwe na ukabidhiwe upya, kwa kuwa kiongozi hakuonekana vizuri. Mama anaupokea mara ya pili. Katikati ya maombi anasikika, kwa sauti ambayo aliyeihariri video bila shaka aliidhania kelele tu, akisema mgongo unamuuma na anaomba alazwe. Maombi yanaendelea. Yalikuwa marefu na, lazima niseme, yalipangiliwa vizuri sana.

Sitakitaja kikundi hicho, wala sidhani kwamba ni watu wabaya. Najua watanijibu kwa Mathayo 5, kwamba nuru yetu na iangaze mbele ya watu wapate kuyaona matendo yetu mema. Sawa, andiko lipo, na waliochanga fedha zao wana haki ya kujua zilikokwenda. Risiti ingetosha. Na Yesu yuleyule, katika hotuba ileile, sura moja mbele, anakataza watoao sadaka kupiga panda mbele yao.

Kinachoniudhi hata hivyo ni kikubwa kuliko kamera. Tumejizoeza kuamini kwamba mtu akishaingia katika huduma, ubinafsi wake umekwisha. Kumbe mara nyingi huko ndiko unakonenepa, kwa sababu sasa hakuna anayethubutu kuukemea. Sikiliza jinsi tunavyohamasishana: hudumu ili Mungu akuinue, tembelea wagonjwa ili milango yako ifunguke, panda mbegu kwa yatima uvune katika biashara yako. Katika mafundisho ya namna hiyo yatima amekuwa shamba, na shamba hakuna anayeliuliza limeamkaje. Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, angalau walikuwa wawazi: walimwendea Yesu wakaomba waketi mmoja mkono wa kuume na mmoja mkono wa kushoto katika utukufu wake. Marko anasema wale kumi waliposikia walikasirika, na mimi sijawahi kushawishika kwamba walikasirishwa na ubaya wa ombi lenyewe. Nadhani waliudhika kwamba wamewahiwa.

Ukiuliza dawa ni nini, wengi watajibu kwamba mtu ajikane mwenyewe. Ni jibu sahihi, ila tumeligeuza kuwa zoezi jingine la kujitazama: nimejikana kiasi gani, nimenyenyekea kiasi gani, nimefunga siku ngapi. Farisayo wa Luka 18 alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka katika mapato yake yote, na sala yake nzima ilikuwa ripoti juu yake mwenyewe iliyosomwa mbele za Mungu. Mtu haachi kujitazama kwa kuongeza bidii ya kujikagua.

Ndiyo maana nairudia Yohana 13, sura ambayo tunaisoma kila Alhamisi Kuu huku tukikimbilia bakuli na kitambaa na kuuruka mstari wa 3. Mstari huo unasema kwamba Yesu alikuwa akijua ya kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake, na ya kuwa alitoka kwa Mungu naye anakwenda kwa Mungu. Baada ya maneno hayo ndipo tunaambiwa aliondoka chakulani, akaweka kando mavazi yake, akajifunga kitambaa, akaanza kuwatawadha wanafunzi miguu. Kujua kumetangulia. Hakuosha miguu ili apate hadhi, wala ili Baba amkubali. Hilo lilikuwa limekwisha, na kwa kuwa hakuwa na cha kuthibitisha, aliweza kuishika hata miguu ya Yuda, ambayo usiku uleule ilitoka nje kwenda kumsaliti. Huu ndio moyo wa jambo lenyewe, na nashangaa jinsi tunavyouhubiri kwa nadra. Mtu anayejua kwamba amekwisha kupendwa na kusamehewa bure hana haja ya kumgeuza mgonjwa kuwa ushahidi wa utakatifu wake. Asiyelijua hilo atahudumu, tena pengine kwa bidii kuliko wengine wote, lakini katika kila uso anaouinamia atakuwa anajitafuta mwenyewe.

Mfano wa hili ni John Wesley, mhubiri Mwingereza wa karne ya 18 aliyeanzisha harakati ya Wamethodisti. Akiwa Chuo Kikuu cha Oxford alikuwa tayari anafunga, anatembelea wafungwa, anatoa alichonacho. Oktoba 1735, akijiandaa kwenda Georgia, koloni la Kiingereza huko Amerika, kama mmisionari, aliandika katika barua kwamba lengo lake kuu, ambalo malengo mengine yote yako chini yake, ni tumaini la kuiokoa nafsi yake mwenyewe. Napenda ukweli wake. Siku hizi tungeandika "kuwafikia wasiofikiwa". Alirudi mwanzoni mwa 1738 akiwa amevunjika moyo. Tarehe 24 Mei mwaka huo, katika mkutano mdogo kwenye mtaa wa Aldersgate, London, mtu mmoja akisoma dibaji ya Luther juu ya Waraka kwa Warumi, Wesley alisikia moyo wake ukipata joto na akahakikishiwa kwamba Kristo ameziondoa dhambi zake, naam, hata zake. Mwaka uliofuata alikuwa akihubiri nje, mahali pasipo na paa wala mimbari, kwa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Kingswood karibu na Bristol, jambo ambalo kabla ya hapo aliliona kuwa ni utovu wa heshima. Januari 1785, akiwa na miaka 81, alizunguka mitaa ya London kwa siku tano akiomba fedha za kuwanunulia maskini nguo, miguu yake ikiwa ndani ya maji ya theluji tangu asubuhi hadi jioni, akapata pauni 200. Sisemi kwamba Wesley alitoka Aldersgate akiwa malaika. Ndoa yake, isiyokuwa na furaha, peke yake ingetosha kunisuta. Nasema tu kwamba mzee yule hakuwa tena anahangaikia wokovu wake katika theluji ile. Alikuwa anahangaikia nguo.

Wapo waliochoka kweli kwa kuhudumu, na hao wanahitaji kupumzishwa, si kuhubiriwa. Wapo pia, kama Petro, walio tayari kuosha miguu ya dunia nzima lakini hawakubali yao iguswe. Kiburi hicho nacho kingestahili makala yake.

Kwa wengine wote ningependekeza sura ya 35 ya Kanuni ya Benedikto, mwongozo wa maisha ya watawa wa karne ya 6; sura hiyo inahusu zamu za jikoni. Ndugu anayemaliza juma lake anafanya usafi Jumamosi, anafua vitambaa ambavyo wenzake wamejifutia mikono na miguu, na yeye pamoja na anayepokea zamu wanaosha miguu ya wote. Vyombo vinarudishwa kwa mtunza ghala vikiwa safi na vizima. Hakuna cheo katika zamu hiyo, na wiki inayofuata ni ya mwingine.

Nitaulizwa, kama kawaida, watu watajuaje basi kwamba Kanisa linafanya kazi. Mwaka 362 Kaisari Juliani wa Roma, aliyeiacha imani ya Kikristo na kutaka kuirudisha ibada ya miungu ya kale, alimwandikia kuhani mkuu wa miungu hiyo huko Galatia akilalamika kwamba ni aibu: hao Wagalilaya, yaani Wakristo, wanawalisha maskini wao, na juu ya hayo wanawalisha na maskini wetu. Kisha akaagiza zijengwe nyumba za wageni katika kila mji, akatenga ngano na divai kutoka hazina ya dola, ili makuhani wake nao waanze kufanya vivyo hivyo.