Deni la kusi na deni la dola

Hapa Malindi, mvuvi asiye na chombo chake humtegemea tajiri. Kwa wavuvi, tajiri ni yule anayenunua samaki wako, aliyekupa nyavu, anayekutilia petroli ya kwenda maji makuu, na anayekukopesha ya unga kusi inapovuma na bahari ikakataa. Kaskazi ikirudi unalipa kwa samaki, tena kwa bei anayoitaja yeye. Ni mkopo mchungu, na wapo waliozeeka hawajautoka. Lakini una jambo moja ambalo mikopo ya mataifa haina: tajiri anaijua kusi. Hamdai mtu samaki wa Julai mwezi wa Julai, kwa sababu mvuvi akivunjika, na yeye hana cha kununua.

Nimelifikiria hili tangu Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipowatoa vijana barabarani kote nchini, hata Rais Ruto akakataa kuutia saini. Watu walibishana juu ya kodi ya mkate na ya magari. Nyuma ya kodi hizo palikuwa na mzigo wa deni, na sehemu yake ilikuwa na tarehe: hatifungani, yaani hati ya mkopo ambayo serikali huwauzia wawekezaji, ya dola bilioni 2 iliyouzwa mwaka 2014, ikiiva mwezi huohuo.

Ilipouzwa, dola ilikuwa shilingi 87 hivi. Januari 2024 ilikaribia 160. Deni lilelile, lililokuwa kama shilingi bilioni 175, likawa kama bilioni 320, na hapakuwa na aliyekopa senti zaidi juu yake. Sababu moja ilikuwa mbali nasi. Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba ili kutuliza bei kwao, pesa za wawekezaji zikarudi huko, na kwa karibu miaka miwili soko la hatifungani likafungwa kwa nchi nyingi za Kusini mwa Sahara. Zambia ilikwisha kushindwa kulipa Novemba 2020. Ghana ikafuata Desemba 2022, Ethiopia Desemba 2023, na kila mmoja akianguka, wakopeshaji huwatazama jirani zake kwa hofu. Kenya haikuanguka. Februari 2024 ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba inayopita asilimia 10, ikalinunua sehemu kubwa ya deni la zamani kabla halijaiva.

Tukisema nchi imezama kwa sababu deni ni kubwa, tumesema nusu. Mji huu, wenye nyumba nyingi za Waitaliano, una ushahidi wake. Novemba 2011 riba ya deni la Italia ilivuka asilimia 7, Waziri Mkuu Berlusconi akaondoka madarakani, umri wa kustaafu ukasogezwa mbele na kodi zikapanda. Huku kwetu, miaka iliyofuata, nyumba nyingi za Waitaliano zilikaa madirisha yamefungwa msimu mzima. Hofu ya usalama ilichangia sana, siwezi kuibebesha Roma lawama yote. Lakini mpishi, mtunza bustani na dereva wa tuktuk waliokosa kazi walilipa sehemu ya deni ambalo hata hawakulisikia.

Kisha Julai 2012 Mario Draghi, mkuu wa Benki Kuu ya Ulaya, akatangaza kuwa benki hiyo ingefanya lolote linalohitajika kuilinda yuro, na riba ikashuka. Italia inadaiwa kama asilimia 135 ya pato lake na Kenya kama 70, na bado Italia hukopa kwa riba ndogo mno kuliko yetu. Inadaiwa kwa yuro, sarafu ambayo Benki Kuu ya Ulaya inaichapisha. Sisi karibu nusu ya deni letu ni kwa sarafu za kigeni, pesa za wenyewe.

Wako wanaosema dawa ya deni ni kulipa, basi. Hawa nawasikiliza. Mdai si benki ya ng'ambo peke yake. Ghana ilipotaka kubadilisha masharti ya deni lake la ndani, wastaafu walisimama mbele ya Wizara ya Fedha mjini Accra Februari 2023 kutetea akiba zao, na Jaji Mkuu mstaafu Sophia Akuffo akasimama nao. Kwetu pia mifuko ya pensheni imejaa hatifungani za serikali. Tena serikali iliyozoea kusamehewa haina haraka ya kuuliza pesa zilikwenda wapi, na hapo sina utetezi wowote kwa Nairobi.

Ila kulipa kwa gharama yoyote nako tumekuona. Ugiriki ilibana matumizi hadi uchumi ukapungua kwa robo na wasio na kazi wakapita asilimia 27 mwaka 2013. Meksiko iliposema Agosti 1982 kuwa haina cha kulipa, benki za Marekani zilitikisika, na Amerika ya Kilatini ikapoteza muongo mzima kabla madeni hayajapunguzwa kuanzia 1989. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kinachoniuma ni kwamba walioalikwa harusini si hao wanaokaa matangani.

Kwa hiyo mimi naona kuchelewa ndiko kunakoua. Zambia ilikaa zaidi ya miaka mitatu na nusu kabla ya kumalizana na wenye hatifungani, wakopeshaji wakivutana nani apoteze kiasi gani. Barbados ilifanya jambo la busara zaidi: ilipopanga upya madeni yake kuanzia 2018, iliandika ndani ya mikataba kwamba ikipigwa na kimbunga itasitisha malipo kwa muda. Hiyo ndiyo kusi iliyoandikwa kwenye karatasi. Sioni kwa nini ukame, au riba inayopandishwa Washington, visiandikwe vilevile, mkopeshaji akijua tangu mwanzo.

Lakini hilo lisitufumbe macho kwa deni la nyumbani. Mwezi huohuo wa Februari 2024 Hazina iliuza hatifungani ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46, bila kodi. Meneja wa benki anayepata hivyo kutoka kwa serikali, akiwa amekaa kwenye kiti chake, ana sababu gani ya kumkopesha mvuvi wa Malindi mashini ya boti? Hakopeshi. Mvuvi anateremka pwani alfajiri, anamkuta tajiri ameketi kando ya mizani, na bei ya samaki ni ileile ya tajiri.